Mwezi Unaomfaa Tormod

Ukitaka kujua mwezi gani unafaa kuzunguka milima yetu kwa gari, muulize mtu yeyote hapa kisiwani Skye isipokuwa mume wangu. Tormod atakwambia hakuna. Januari barabara ina barafu. Februari ina barafu na upepo juu yake. Machi ng'ombe wanazaa, Aprili kondoo wanazaa, Mei wale wa mwisho mwisho bado. Juni ni kuanika udongo mweusi wa kuwashia moto, Julai ni kunyoa kondoo, Agosti ni visubi na watalii. Septemba kuna mnada, Oktoba mnada mwingine, Novemba kondoo dume wanaingizwa kwa majike. Na Desemba, anasema Tormod, mtu mwenye akili zake timamu anakwenda kutembea wapi?

Hayo nimeyasikia karibu miaka thelathini. Naweza kumsemea mwenyewe akiwa anatafuna.

Siku ya harusi yetu, nikiwa bado nimevaa gauni, aliniahidi kwamba fungate yetu tutaipitishia Bealach na Bà. Hilo lote ni jina la barabara inayopanda mlima ng'ambo ya maji, kona baada ya kona, mpaka kwenye mawingu, halafu inashuka kwenda Applecross. Zamani walipitisha ng'ombe pale. Mimi ndiye ninayepeleka barua upande wetu huu wa mashariki, na kila asubuhi nikishuka kwenye gari la posta na mfuko wangu, ile milima naiona imekaa kule ng'ambo inaniangalia. Badala ya fungate tulilala siku mbili kwa dada yake, kwa sababu ng'ombe alikuwa ametumbukia mtaroni. Ahadi ikabaki ahadi.

Watu huniambia, "Dolina, una leseni, una mikono miwili, si uende mwenyewe?" Ningekuwa naitaka barabara peke yake, ningekwisha kwenda zamani. Niliitaka na Tormod ndani yake. Na mwanamume akikwambia haiwezekani mwaka baada ya mwaka, msimu baada ya msimu, inafika mahali unajiuliza ni barabara asiyoitaka au ni wewe. Mwaka jana nilipotimiza miaka hamsini na nane nikaamua nitaomba mara moja tu, ya mwisho. Akikataa, sitaomba tena, na sijui ni mambo mangapi mengine nisingeyaomba tena.

Nikaomba mbele ya kamati ya malisho.

Kamati yetu hukutana Februari ukumbini, kuzungumza mambo ya uzio na nani kaacha geti wazi. Mwenyekiti ni Fearchar, jirani yetu, kapera aliyezeeka akiwa na maoni juu ya kila kitu. Katibu ni Iseabail, dada yake Tormod, wifi yangu mimi, ambaye hufuma soksi huku akiandika kumbukumbu na hakosei popote. Walipomaliza habari za uzio, Iseabail akauliza kama kuna la ziada.

"Lipo," nikasema, nikasimama.

Tormod akanivuta sweta. "Kaa chini, Doli."

"Sikai. Naomba kamati inipangie mwezi."

"Mwezi wa nini, shemeji?" Fearchar akauliza.

"Wa kumtoa huyu bwana kijijini siku tatu tu, tukapande Bealach. Yeye kila mwezi ana kazi. Na kazi zake ndizo kazi zenu. Basi semeni ninyi, mwezi gani anaweza kuachiliwa?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Fearchar akavua kofia. "Kumbe hamkwenda? Mimi siku zote nilidhani mlikwenda mkagombana njiani, ndiyo maana hamuisemi."

"Hatujafika hata darajani."

"Ah, Tormod! Aibu!" Uilleam wa duka akapiga meza. "Mpeleke mwanamke Oktoba. Kulungu madume wanalia huko milimani mpaka kioo cha gari kinatetemeka, majani yote mekundu."

"Oktoba?" Iseabail hakuinua macho kwenye soksi yake. "Mvua ya Oktoba inaingia mpaka kwenye chupi. Agosti ndiyo Agosti. Mlima mzima maua ya rangi ya zambarau."

"Agosti ni visubi, Iseabail. Ukifungua kinywa kuusifu mlima, umekwisha kula nyama."

"Wewe Uilleam unavyopenda kufungua kinywa, ungeshiba."

"Theluji basi," akasema mtu wa nyuma. "Februari hii hii. Mlima mweupe, mbingu buluu."

"Na utaupiga picha ukiwa wapi? Mtaroni?" Fearchar akamjibu. "Sikilizeni. Wa kwenda Bealach ni Septemba, jioni, jua likiwa upande wa bahari. Mlima wote unakuwa rangi ya mkia wa mbweha."

Wakapambana hivyo mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyekuwa tayari kuacha msimu wake, utadhani wameuzaa wenyewe. Mwishoni nikauliza, "Haya, kati yenu nani amewahi kupanda Bealach?"

Iseabail alipunguza mwendo wa sindano.

"Mimi ninayo ukutani," Fearchar akasema. "Kalenda ya wale wauza dawa za kondoo. Ilikuwa Septemba."

Hapo nikacheka mpaka nikakaa. Sisi watu tunaishi mahali ambapo wageni wanavuka bahari kuja kupaona, na hatujapaona, kwa kuwa kila jua likitoka kuna kitu cha kuanika. Wakapiga kura. Mei ikashinda: vichaka vya miiba vimejaa maua ya manjano, mwanga haukwishi, na visubi hawajaamka.

"Mei kuna kondoo wa mwisho mwisho," Tormod akaanza.

"Nitawazalisha mimi," Fearchar akasema.

"Na ng'ombe..."

"Nitawakamua na kuwasimulia hadithi," dada yake akasema.

"Na mashua..."

"Tormod, huna mashua."

Watu wakapiga makofi. Mume wangu akawa ameinamisha kichwa anaangalia viatu vyake. Alikuwa mweupe kuliko kawaida, na Mungu anajua kawaida yake ni mweupe. Akasema, "Haya. Mei." Mimi nilidhani ni aibu ya kusemwa hadharani, na sikumhurumia hata kidogo.

Mei ikafika na jua ambalo hatujawahi kulipata hata siku ya mazishi ya tajiri. Hakuna wingu. Iseabail alitufungia skonzi na jibini kana kwamba tunakwenda Australia, Fearchar akasimama getini na kondoo mchanga mkononi kuonyesha kwamba kazi imeanza. Tormod akaendesha. Tukavuka daraja, tukapita Kyle, tukapita Lochcarron, maua ya manjano pande zote mbili, na mimi nikizungumza bila kupumua kama mtoto aliyepelekwa sherehe. Yeye alikuwa akijibu "mm". Tulipokaribia Kishorn hata hiyo "mm" ikakatika.

Pale barabara ya Bealach inapoanza kuna kibao kikubwa kinachoonya wanaojifunza kuendesha na wenye magari makubwa wasijaribu. Mbele kidogo ya kile kibao, barabara ikiwa imekwisha kuwa nyembamba, pakawa na mahali pa kupishana. Tormod akaingiza gari pale akasimama. Nyuma yetu lilikuwapo gari-nyumba la Wajerumani. Likatupita, dereva akainua mkono kushukuru. Tormod akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama tunavyofanya sote. Likapita jingine. Kidole. Likashuka la polisi. Kidole. Wakapita waendesha baiskeli, wanahema kama ng'ombe mwenye mimba, na hao pia akawapa kidole chao.

Hilo mwenzangu ndilo linalotutambulisha: hatumzibii mtu njia. Utaona aibu kumchelewesha mgeni hata kama mama yako yuko hospitali. Kwa hiyo nilikaa kimya nikisubiri njia iwe wazi. Ikawa wazi. Tormod hakuondoka. Akaangalia kwenye kioo, kwa matumaini nikaona, kama kuna mwingine anakuja nyuma wa kumpisha.

"Tormod," nikasema. "Imepita Ulaya nzima. Zamu yetu."

"Lile jekundu kule chini limewasha taa."

"Lile jekundu limeegeshwa. Watu wanakula soseji."

Nikageuka kumwangalia vizuri, ndipo nikaona. Mikono ilikuwa imeng'ang'ania usukani mpaka vifundo vimekuwa vyeupe, na jasho linamshuka nyuma ya sikio mpaka kwenye kola ya shati lake zuri. Mume wangu huyu huteremka kwenye majabali ya baharini akiwa na kamba kiunoni kumfuata kondoo mmoja mjinga, huku anapiga mluzi.

"Unaumwa?"

"Siwezi, Doli."

"Huwezi nini?"

"Kupanda. Ile." Akaelekeza kwa kidevu. Juu kabisa, kati ya kuta mbili za mawe, barabara ilikuwa imejikunja kama utumbo, na vigari vidogo vinang'aa kwenye jua. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa na lori la kondoo, mimi na jirani mmoja, Mungu amrehemu. Kwenye kona ya juu breki zikatuacha. Likarudi nyuma. Nilikuwa upande wa nje. Nilifungua mlango nikaangalia chini, na hapakuwa na chini. Lori likagota kwenye jiwe, likasimama. Watu wazima, kondoo wazima. Lakini mimi, Doli, tangu siku ile, kukaa garini na kuliona lile bonde ubavuni... Kwa miguu sina tabu. Ni kukaa humu nimefungiwa."

"Na barafu? Na mnada? Na kondoo wa mwisho mwisho?"

"Walikuwapo," akasema. "Si uwongo kwamba walikuwapo."

"Mbona uliniahidi, wewe mwanamume?"

"Ulikuwa umevaa lile gauni. Ukaniuliza ningependa kukupeleka wapi, na macho yako yote yalikuwa kule ng'ambo. Ningesema nini? Ningekuahidi chochote siku ile."

Nilimpiga kwa mfuko wa skonzi. Nilimpiga mara kadhaa, skonzi zikavunjika, na sijui kama nilikuwa nalia au nacheka, vilikuja pamoja. "Bwege wee! Bwege mkubwa! Miaka yote hii nilidhani ni mimi. Nilidhani hutaki siku tatu na mimi!"

Akageuka akaniangalia kana kwamba nimesema ng'ombe wanaruka. "Na wewe? Kwa nini nisitake?" Akasema hivyo tu, kwa mshangao wa kweli kabisa, na mimi nikauweka chini mfuko wa skonzi.

Najua, kuna njia nyingine ya kufika Applecross, ndefu, inayofuata pwani. Alinitajia. Nikamwambia sikuahidiwa pwani. Basi tukageuza gari, tukalala siku zote tatu chini ya mlima kwa Bi Jessie, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni na kuku wengi. Tukala kamba wa pale ghubani mpaka vidole vikanuka, tukatembea ufukoni tumeshikana mikono kama watoto wa shule. Sijawahi kushindwa safari nikafurahi namna ile. Juu ya mlima hatukupazungumza. Ila asubuhi ya kuondoka, Tormod akamsikia Bi Jessie akimwambia mgeni mwingine kwa simu asisumbuke kuja vuli, kwa sababu vuli ule mlima unavaa ukungu usione hata mkono wako. Nilimwona ameshika kikombe hanywi.

Nyumbani Fearchar alitusubiri getini. "Haya, semeni! Mandhari yalikuwaje kule juu?"

Tormod akafungua kinywa. Nikamwahi. "Sijui nikuelezeje, Fearchar," nikasema, na huo haukuwa uwongo. Siri ya mume wangu si ya kamati.

Majira yakapita. Nilirudi kwenye barua zangu, na milima ya ng'ambo niliiangalia bila kinyongo. Sikuomba tena, na ajabu ni kwamba sikuhitaji. Nilijua nilichotaka kujua. Kama ingeishia pale ningekuwa nimeridhika, au ndivyo nilivyojiambia.

Halafu ikaja asubuhi moja ya Novemba. Ilikuwa Jumamosi ambayo siendi kazini, na ni ile wiki ambayo kondoo dume ndiyo kwanza wameingizwa kwa majike, wiki ambayo Tormod hakuwahi kuondoka shambani hata kwenda kung'oa jino. Nilikuwa jikoni nakoroga uji. Akaingia amevaa koti la kanisani.

"Angalia nje," akasema.

Nikaangalia dirishani. "Sioni kitu."

"Ndiyo hivyo! Huoni kitu! Hata ghala silioni, Doli, na nimetoka humo sasa hivi!" Uso wake ulikuwa umechanua kama mtu aliyepata mapacha. "Nimempigia Bi Jessie. Nimemuuliza, mlima unaonekana? Akasema ndugu yangu, hauonekani kabisa, usije, utapoteza mafuta yako. Nikamwambia Mungu akubariki."

"Atakuwa amedhani umelewa."

"Amedhani hivyo, ameniuliza. Vaa koti. Unaendesha wewe. Nikiwa sioni bonde, bonde halipo. Twende kabla halijaondoka hili jambo."

Nikabaki na mwiko mkononi. Mwanamume aliyenipa sababu kumi na mbili za mwaka, kila mwezi na yake, amesimama jikoni siku mbaya kuliko zote, katika wiki anayoithamini kuliko zote, ananiambia nivae koti. Nikaenda kuvaa. Uji ulibaki jikoni mpaka ukawa jiwe.

Tulisimama kwa Fearchar kumwomba awaangalie kondoo dume. Alitoka mlangoni na kipande cha mkate mdomoni, akaona koti la kanisani, akavua kofia. "Nani amefariki?"

"Hakuna. Tunakwenda kutembea," Tormod akasema.

"Kutembea wapi?"

"Kuangalia mandhari."

Fearchar akatazama ukungu, akatutazama sisi, akatazama tena ukungu. "Poleni," akasema, na akarudi ndani.

Tulipofika kwenye kile kibao mikono yangu ilikuwa imetulia. Nimeendesha kwenye ukungu maisha yangu yote. Barua hazingoji jua. Niliona barabara kiasi cha urefu wa gari mbili tatu, kisha weupe. Kondoo wa watu walikuwa wamelala katikati ya lami kwa raha zao, ikabidi niwabembeleze kwa honi. Tormod alikuwa ameshika mpini wa juu ya mlango, macho ameyafumba, ingawa hakukuwa na cha kufumbia.

"Tunapanda?" akauliza.

"Tunapanda."

"Nitaimba."

Kanisani kwetu Tormod ndiye anayeanzisha zaburi. Yeye hutoa mstari, sisi tunaupokea na kuuvuta, kila mtu kwa sauti yake, polepole kama mawimbi yanayoingia ufukoni. Basi akatoa mstari mle ndani ya gari, kwa sauti ile ile ya kujaza kanisa, na mimi nikawa kusanyiko. Kona ya kwanza, mstari. Ya pili, mstari. Sauti ilimtetemeka mwanzo, nikampokea kwa nguvu zaidi ili asijisikie. Vioo vikaingia mvuke. Nilikuwa na furaha mpaka nikasahau maneno, nikapokea kwa mmm.

Kwenye kona ya juu taa mbili zikatokea kwenye weupe, mbele yetu kabisa. Nikakanyaga breki. Lilikuwa gari dogo la samaki linaloshuka. Anayeshuka ndiye wa kumpisha anayepanda, lakini mahali pa kupishana palikuwa nyuma yangu, karibu tu, na yule kijana angerudi nyuma na shehena yake mlimani mpaka lini?

"Tumesimama," Tormod akasema, macho bado yamefumbwa. "Doli, kwa nini tumesimama?"

"Nitarudi nyuma kidogo."

Nilijua tuko wapi na yeye alijua pia, ilikuwa pale pale lori liliporudi nyuma, au panapofanana na pale. Ningeweza kumdanganya lakini tulikuwa tumekwisha acha hayo. "Nishike goti," nikamwambia. "Ukiogopa, finya." Akafinya, nina alama mpaka leo. Nikarudi nyuma taratibu kwa vioo na kwa mazoea ya miaka ya barua, tairi zikasaga kokoto, nikaingia kwenye nafasi na kusimama. Nilipomwangalia, alikuwa amefumbua macho. Alikuwa hatazami nje. Alikuwa ananitazama mimi, mdomo wazi.

"Umemaliza?"

"Zamani."

Gari la samaki likaja taratibu likasimama dirisha kwa dirisha na letu, kijana akashusha kioo. "Shukrani, mama. Mmepotea njia?"

"Hatujapotea," Tormod akasema kutoka upande wake, akainama akinisogelea ili aonekane. "Tuko kwenye fungate."

Kijana alitutazama mvi zetu. "Leo? Siku zote za mwaka mmechagua leo?"

"Kijana wangu, tumechagua karibu miaka thelathini," mume wangu akamjibu, na akampa kidole.

Juu kabisa pana uwanja wa kuegesha. Hapakuwa na gari jingine hata moja, na nani angekuja? Tukashuka. Upepo ulikuwa mdogo, baridi inauma masikio, na mbele yetu weupe mtupu, kama shuka iliyoanikwa. Nilikuwa nimesimama juu ya Bealach na Bà na sioni hata viatu vyangu vizuri. Nikacheka peke yangu. Tormod akaja akasimama kando yangu, akanitia mkono begani.

"Kusingekuwa na ukungu, tungeona nini?"

"Bahari," nikasema. "Kisiwa cha Raasay kimelala mbele. Halafu nyuma yake Skye yote, kuanzia vilele vya kusini mpaka kwetu."

"Mpaka kwetu?"

"Nikiwa kule huiona milima hii kila siku. Basi na huku lazima kwetu paonekane."

Akabaki anautazama ule weupe. Nilidhani baridi imemzidi. Nikamwambia turudi garini tumalizie chai kwenye chupa, tuteremke Applecross tule kitu cha moto.

"Mei," akasema.

"Mei nini?"

"Mei tuje kuona. Unaendesha wewe. Mimi nitafumba macho na kuimba mpaka hapa, halafu utanishika mkono nishuke. Kwa miguu sina tabu."

"Na kondoo wa mwisho mwisho?"

"Kondoo wamezaa tangu enzi za Nuhu, Doli. Watazaa."

Mimi huyu, niliyeutaja kila mwezi wa mwaka kwa mwanamume huyu na kukataliwa wote, nilikuwa nimesikia mmoja ukitoka mdomoni mwake bila kuombwa. Nilimfunga zipu ya koti mpaka kidevuni, nikamfuta pua kwa glavu yangu kama mtoto, na nikambusu pale pale, kwa kuwa hata kama mkutano mzima wa kamati ya malisho ungekuwa umesimama hatua tatu kutoka kwetu, usingeona kitu.